Siku Mama Mkwe Aliposafisha Hita

Mke wangu Faustina alijifungua wiki saba kabla ya siku zake. Alikuwa amekwenda kwao Iringa kwenye harusi ya mdogo wake, akapanga kukaa siku nne kisha arudi Mbeya. Siku ya tatu uchungu ukamshika. Mtoto alikuwa wa kike, kilo moja na gramu mia sita, nywele nyingi kichwani na nyayo zisizozidi kidole changu cha kati kwa urefu.

Walikaa wodini wiki tatu. Faustina alimlea mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kitenge mchana na usiku. Mimi nilikuwa Uyole nafundisha historia, nikipiga simu kila mapumziko kuuliza gramu zimeongezeka ngapi. Walipofikisha kilo mbili na kidogo, daktari akaruhusu waende nyumbani. Niliomba ruhusa ya siku nne kazini, nikawasha gari, nikaenda kuwachukua.

Gari langu ni Rav Foo ya zamani, niliyoinunua kwa mwalimu mwenzangu. Kwa safari za sokoni na kanisani halikuwa na shida. Nilijua kwamba hita yake inapuliza baridi, lakini sikujali, maana kutoka kwangu hadi shuleni ni dakika kumi. Siku ile, nilipoipita Makambako, ukungu ukashuka na manyunyu yakaanza. Kioo cha mbele kikafunga mvuke kwa ndani. Nikawasha hita, ikanipulizia baridi ya mwezi wa saba moja kwa moja usoni. Niliendesha hadi Mafinga nimeshusha kioo cha mlangoni, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukifuta kwa kitambaa. Nilifika Kihesa, mtaa wa kwao Faustina pale Iringa, natetemeka, na kitu cha kwanza alichofanya mama mkwe wangu ni kunipa uji wa moto kabla hata hajaniuliza habari za Mbeya.

Mama mkwe anaitwa Severina Kalinga. Ni mjane wa miaka sitini na moja, mfupi, hasemi sana. Nilimwogopa kidogo. Kwetu Wanyakyusa mtu hamkaribii mkwe ovyo, na ingawa siku hizi mambo yamelegea, mimi nilikuwa bado nakaa mbali naye, naitikia "ndiyo, Mama" na kuangalia chini. Nilichojua juu yake ni kwamba alifanya kazi kiwanda cha maziwa miaka ishirini na sita na kwamba alisomesha watoto wanne kwa kazi hiyo. Sikuwahi kumuuliza alikuwa akifanya nini hasa huko.

Jioni hiyo muuguzi alimpigia Faustina kumkumbusha masharti. Mtoto asipate ubaridi njiani, na asipandishwe basi lililojaa watu wanaokohoa. Faustina akamjibu kwa furaha kwamba mume wake amekuja na gari. Nikashindwa kunyamaza. Nikaeleza habari ya hita.

Faustina hakulalamika. Aliniangalia tu, kisha akamwangalia mtoto, na hilo liliniuma kuliko kama angenifokea.

Asubuhi yake tulimwita fundi Clement kutoka Ipogolo, kijana mstaarabu aliyekuwa akitengeneza pikipiki ya marehemu baba mkwe. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akafungua boneti. Akatuonyesha mipira miwili inayotoka kwenye injini na kuzama ukutani kuelekea ndani, chini ya dashibodi. Akasema huko ndani kuna rejeta ndogo, na maji ya moto ya injini hupita humo, feni ikapuliza joto kwa abiria. Mpira mmoja ulikuwa wa moto, mwingine karibu baridi. Maana yake maji yanafika mlangoni lakini hayapiti. Rejeta ndogo imeziba.

Alisema kazi yenyewe ni kushusha dashibodi nzima, siku tatu, na rejeta nyingine huenda ikabidi kuagizwa Dar. Kuna wanaoipuliza kwa kompresa, lakini yeye haipendi njia hiyo. Aliwahi kuipasua moja hivyo, na bado anamkumbuka mwenye gari.

Mimi nilikuwa na siku mbili. Nilianza kupiga hesabu za kuomba ruhusa zaidi. Ndipo mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akashuka ngazi na kumuuliza Clement maji yanaingilia mpira upi na kutokea upi. Clement akamwonyesha. Akamuuliza tena vile vijia vya ndani vina upana gani. Clement akatabasamu kidogo, akasema ni vyembamba, kama mrija wa soda uliobanwa. Akauliza la tatu, kama mipira hiyo inaweza kuchomolewa bila kushusha kitu kingine chochote. Hapo Clement akaacha kutabasamu, akamjibu kama anavyojibiwa fundi mwenzake.

Mama mkwe akanigeukia mimi.

"Baba, kuna kitu kilichowahi kuwekwa kwenye haya maji?"

Nilitaka kusema hapana. Mwaka jana rejeta kubwa ilivuja kidogo, na kwa kukwepa gharama nilinunua unga wa kuzibia matundu, nikaumwaga humo pakiti mbili badala ya moja. Tangu hapo nimekuwa nikiongezea maji ya mfereji tu kila yanapopungua. Hakuna aliyejua. Kusema mbele ya fundi, mbele ya mke wangu aliyekuwa dirishani na mtoto kifuani, ilikuwa aibu. Lakini alikuwa akiniangalia bila ukali wowote, akisubiri, kwa hiyo nikasema yote.

"Vizuri umesema," alijibu. "Sasa najua natafuta nini."

Hapo ndipo nilipojua alikuwa akifanya nini kiwandani. Kila siku, maziwa yakishapita, mabomba yote lazima yasafishwe kwa ndani bila kufunguliwa, maana utando ukibaki, maziwa ya kesho yanaharibika. Miaka kumi ya mwisho yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi hiyo. Alikuwa amesafisha mabomba mengi kuliko siku nilizoishi.

Nilitaka tuanze pale pale. Nilikwisha shika kitambaa na mkono wangu uko juu ya kifuniko cha rejeta, injini imetoka kuzimwa. Alinishika kifundo cha mkono. Mkwe wangu hakuwahi kunigusa kabla ya hapo.

"Hayo maji yana moto kuliko chai, na yamebanwa humo," alisema. "Ukifungua yanakurukia usoni. Kesho."

Kwa hiyo siku hiyo ilikuwa ya maandalizi. Tulikwenda mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akanunua mita nne za mpira mwangavu, akijaribisha vipande mpaka akapata upana aliotaka. Tulipita duka la spea tukachukua madumu mawili ya kulanti, yale maji ya kupozea injini, iliyokwisha changanywa, ya rangi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kitabu ambacho mimi sikuwahi kukifungua na yeye alikisoma kuanzia jalada akiwa amevaa miwani. Alichukua pia klampu mpya nne za kubania mipira, akisema zile za zamani hatazirudishia.

Kesho yake saa moja asubuhi injini ilikuwa baridi kama jiwe. Aliniambia niweke mkono juu yake nihesabu mpaka thelathini, na nilipomaliza bila kusikia joto ndipo akaruhusu kifuniko kifunguliwe. Gari lilikuwa uwanjani, hewa wazi, hendibreki imevutwa na mawe yamewekwa nyuma ya tairi. Alivaa viatu vya mpira, glovu ndefu na miwani ya kiwandani iliyomfunika nusu ya uso, na kunipa mimi miwani ya marehemu mume wake ya kulehemia madirisha. Nilionekana kituko. Faustina alicheka dirishani, na nikafurahi kumsikia akicheka.

Kwanza tulikinga kulanti ya zamani kwenye beseni. Ilitoka na rangi ya kutu. Mbwa wa jirani akaja akinusa, na mama mkwe akamfukuza kabla pua haijafika, akafunika beseni kwa ubao na kuweka tofali juu. Alieleza kwamba kile kitu ni kitamu, ndiyo maana mbwa na watoto hukilamba, na kikiingia tumboni kinaua figo. Jirani yake mmoja alipoteza mbwa wawili kwa wiki moja. Kila tone lililotoka siku ile, hata maji ya kusuuzia, liliingia kwenye madumu yenye vifuniko, akaandika "SUMU" kwa wino mweusi. Hakumwaga kitu kwenye mtaro.

Kisha akafunga kitambaa chekundu kwenye mpira wa kuingilia na cheupe kwenye wa kutokea, tusije tukachanganya, na kuniambia nichomoe. Wa kwanza ulitoka. Wa pili ulikuwa umegandia. Nikaweka mguu kwenye bampa nivute kwa nguvu zote.

"Usivute, baba. Zungusha."

Alinieleza kwamba kile kibomba kinachotokeza ukutani ni chembamba, na kikivunjika hapo tutakuwa tumeharibu kabisa. Nilizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia. Haukusogea. Akachukua kisu, akachana ncha ya mpira kwa urefu, taratibu, bila kugusa chuma, ukaachia wenyewe. Alikuwa amekwisha pima. Mpira ulikuwa mrefu wa kutosha kukatwa hiyo ncha na kurudishiwa.

Bomba la uwanjani kwake lina presha nzuri, na mimi nilidhani tutaunganisha hapo. Alikataa. Akaleta ngazi ya kupakia rangi, akaweka ndoo juu yake, usawa wa kichwa chake, akatumbukiza mpira mwangavu ndani, na ncha ya pili akaiunganisha kwenye kibomba cha mpira wenye kitambaa cheupe, kile cha kutokea. Alitaka maji yaingie kinyumenyume, yausukume uchafu kurudi ulikotoka badala ya kuukandamiza mbele. Na alitaka yashuke kwa uzito wake tu.

"Hii rejeta ina miaka ishirini," alisema. "Tukiipasua, maji ya moto yatamwagikia miguuni pa Faustina na mtoto."

Ndoo ya kwanza ilikaa juu ya ngazi dakika kumi bila kupungua hata inchi. Kwenye kipande kingine cha mpira mwangavu, alichokiunganisha upande wa kuingilia, lilining'inia tone moja la kahawia. Nilimwangalia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, akiangalia lile tone. Likadondoka. Likaja jingine. Nilitaka kusema tuongeze presha kidogo, kidogo tu, nikajizuia.

Alibadilisha maji, akaweka ya uvuguvugu, si ya moto, akayaacha yakae humo nusu saa. Kisha akageuza njia, maji yapite mwelekeo wake wa kawaida, halafu akarudisha kinyumenyume. Mara ya tatu aliyogeuza, kilisikika kitu kama mtu anakohoa, na kwenye mpira mwangavu tukaona vipande vya kijivu vikipita, laini kama ugali uliolowa, kisha tope zito la rangi ya ulezi. Vile vya kijivu vilikuwa unga wangu. Mama mkwe alisogeza dumu tu ili likinge vizuri.

Baada ya hapo maji yakaanza kushuka kama maji. Tulipitisha ndoo kumi na moja. Kwenye ya saba yalikuwa yanaonekana safi, na mimi nikaanza kukusanya vifaa. Yeye alikinga kidogo kwenye glasi, akaiinua kwenye jua, akanionyesha vumbi linaloelea, akasema bado. Kwenye ya kumi na moja aliinua tena glasi, akaitazama kwa muda mrefu, akaiweka chini na kuvua glovu. Mpaka leo nikikumbuka siku ile, namwona mwanamke wa miaka sitini na moja uwanjani kwake Kihesa, na glasi juani, akikataa kudanganywa na maji yanayoonekana safi.

Tulirudisha mipira kwa klampu mpya. Tukasogeza gari pale kiwanja kinapopanda, pua juu, tukajaza kulanti mpya polepole. Aliniambia niwashe injini, niweke hita kwenye joto la mwisho, kifuniko kikiwa bado wazi, na yeye akasimama kando, uso mbali, akiminya mipira kwa glovu huku mapovu yakipanda. Kila kiwango kiliposhuka aliongezea. Ndani ya gari mimi nilikuwa nimeweka kiganja kwenye tundu la hita. Ikapuliza baridi. Dakika tatu, baridi. Nikamwambia haijapona.

Alisema kuna hewa bado humo, nitulie. Mapovu yalipokoma akafunga kifuniko, na akaniambia nikanyage mafuta kidogo, nishikilie. Nikashikilia. Kiganjani baridi ikapungua makali, ikawa hewa ya kawaida, kisha ghafla ikawa joto, joto kweli, la kukausha nguo. Nilipiga honi mara moja kama mjinga, na Faustina akatoka nje amebeba mtoto kifuani, akaweka mkono wake pale pale na kuuacha hapo muda mrefu.

Mama mkwe hakusherehekea. Alitandika magazeti miguuni pa abiria aone kama panavuja, akaniambia niendeshe mpaka Ipogolo na kurudi, kuteremka na kupanda. Alipanda na mimi. Tulipofika chini tulisimama kwa Clement. Aligusa mpira mmoja haraka, akaondoa kidole. Akagusa wa pili, akaondoa haraka vilevile. Akavua kofia yake, akamwamkia mama mkwe upya, shikamoo ya pili tangu tufike, akamwomba amweleze habari ya ndoo na ngazi tangu mwanzo. Mama mkwe akamweleza pale kando ya barabara, akichora kwa kijiti mchangani. Clement hakumkatiza. Alipomaliza, Clement alikubali kupokea madumu yetu ya sumu ayaweke pamoja na oili chafu inayochukuliwa na wahusika.

Tuliporudi Kihesa magazeti yalikuwa makavu. Aliyapapasa yote, moja moja, akayakunja.

Tuliondoka kesho yake saa tatu, na yeye alikuja nasi, akisema atakaa mwezi mmoja amsaidie binti yake. Nadhani pia alitaka kulisikiliza gari. Kabla ya Mafinga ukungu ulikuwa umelala kwenye misitu ya misonobari, malori yanakuja taa zikiwa zimewashwa, na kioo changu kilikuwa kikavu, safi, naona mistari ya barabara hadi mwisho wake. Nyuma Faustina alifungua vifungo viwili vya sweta yake kwa joto. Mtoto alilala kifuani pake tangu Iringa mpaka Makambako bila kuamka. Katikati ya njia nilisema, bila kugeuka, kwamba nilikuwa nimemwogopa mama mkwe tangu siku ya posa. Nikamsikia akicheka taratibu huko nyuma, akasema na yeye alikuwa akiniogopa, kwa kuwa mimi ni mwalimu.

Tulipofika Igawa jua lilikuwa kali, tukazima hita na kufungua vioo. Tulisimama Chimala kununua mchele, akaniagiza niangalie chupa ya akiba ya kulanti bila kugusa kifuniko cha rejeta. Kiwango kilikuwa pale pale.

Uyole tulifika mchana umeanza kupoa. Mama yangu mzazi, Marta, alikuwa ameketi barazani tangu saa nane. Alimchukua mtoto, akamchungulia ndani ya blanketi, akamgusa miguu, na kushangaa ilivyo na joto. Akaniuliza ni gereji gani iliyonitengenezea, kwa sababu nilikuwa nimempigia simu kumlilia juu ya hita. Nikamwambia. Nikamsimulia yote, na unga pia.

Mama alimrudishia Faustina mtoto. Akamwendea Severina, ambaye alikuwa bado anashusha mfuko wa mchele, akapiga magoti kidogo kama anavyofanya kwa watu wakubwa kuliko yeye, ingawa walikuwa rika moja, akamshukuru kwa Kinyakyusa.

"Ndaga fijo."

Severina hajui Kinyakyusa. Alimwinua kwa mikono miwili, akamjibu kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene," na wote wawili wakaingia ndani kuwasha jiko.